Mashimo Nyuma ya Nyumba

Harufu ya tofali mbichi lililolowa hunirudisha utotoni, milimani Maguu. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, na maji ya mvua yalishukia ukuta wa nyuma, wa chumba cha bibi. Nilitaka kuulinda, nikachimba ngoro kando yake, yale mashimo tunayoyaacha katikati ya matuta ya maharage ili maji yasiteremke na udongo. Mvua ilinyesha hadi mchana. Mashimo yakajaa, na ukuta ukaanza kulainika chini.

"Unapanda maharage chumbani kwa bibi yako?" mama aliuliza.

"Nihamisheni kwanza," bibi alijibu kutoka ndani, "mtapanda baadaye."

Mama hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba shambani tunataka maji yakae, ila nyumbani tunataka yapite. Tulikata kingo za mashimo, tukayaunganisha kuwa mtaro, maji yakaelekea migombani. Kisha akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kilizama kidogo. Bibi alilala jikoni siku tatu.

Ukuta ulikauka ukiwa umesimama. Mawingu ya msimu uliofuata yalipoanza kujikusanya, mama alinipa jembe akanituma nyuma ya nyumba peke yangu, naye akaendelea kupika.