Sauti Moja Ndani ya Theluji

Rudasingwa hakusomea hali ya hewa. Alisomea ng'ombe, huko juu kwenye milima ya Kivu Kusini, kisha ukimbizi ukamleta Amerika kupakia maboksi: miaka minne Louisville, mtaa wa Newburg, miwili Columbus, na sasa Buffalo, Riverside, ghorofa ya chini ya nyumba ninayokaa mimi juu. Kule Louisville na Columbus, theluji ikitabiriwa huanguka mji mzima ama haianguki kabisa. Hapa ziwa lililo kando ya mji hutoa utepe mwembamba wa wingu, ukazika mtaa mmoja hadi kiunoni na wa pili ukabaki mkavu. Watabiri hupatia kiasi. Pa kuangukia ndipo panapowapiga chenga.

Basi yeye akajifanya bingwa. Kila asubuhi alichungulia ramani kwenye simu, akatoka barazani kunusa upepo wa ziwani, halafu akawatumia waumini wa kanisa letu ujumbe wa sauti. Nilimcheka sana. Lakini majira matatu ya baridi hakukosea hata mara moja, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu: Karaha, muumini mwenzetu, alimpuuza, gari lake likalala siku mbili chini ya theluji. Baada ya hapo hata mimi sikutoka kabla ya kumsikiliza.

Jumamosi moja ya Januari watabiri walisema utepe utakaa kusini mwa mji. Akakubaliana nao kwamba theluji itaishia huko kusini. "Bon, bandugu, leo neige itabakia kule sud. Huku kwetu ni kidogo tu, haitafika hata kwa kifundo ya muguu. Mutembee bila woga."

Mzee Sebineza, anayekaa Kenmore, jirani na Riverside, alisikia akaacha koti zito, akavaa viatu vya kanisani, akaja kwa miguu kumsalimia Rudasingwa. Hakumwambia kwamba anakuja. Sisi hatupigi simu kabla ya kutembeleana.

Saa nane mchana jua lilikuwa linawaka. Nilifungua dirisha kukung'uta zulia, nikaona mwisho wa barabara yetu haupo. Palikuwa na ukuta mweupe unaokuja bila haraka, ukimeza nyumba moja moja. Ulipotufikia sikuona hata ngazi za chini. Hapakuwa na upepo wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Rudasingwa alikuwa amesimama barazani, chini yangu.

Ndipo sauti ikaita kutoka ndani ya ule weupe: "Rudasingwa." Mara moja tu, taratibu, kama mtu mliyekaa naye mezani.

Niliisikia vizuri. Halikuwa jina langu, nikafunga dirisha.

Yeye hakuitika. Mama yake alimfundisha, walipochunga kwenye ukungu, kwamba sauti ikikuita mara moja unyamaze. Aliye hai ataita tena. Akangoja mwito wa pili. Alingoja dakika ishirini.

Simu ikalia. Alikuwa Kampire, mke wa Sebineza. "Mzee amefika kwako? Ametoka na miguu, sababu ulisema neige haitafika."

Rudasingwa akajitupa barabarani akipiga kelele, nami nikashuka mbio. Tulimkuta mzee hatua thelathini kutoka mlangoni, amekaa kwenye ngazi za jirani, macho wazi, masikio ameyatega.

Hospitalini mzee alikatwa vidole vinne vya mkono wa kulia, vilivyokufa kwa baridi. Kwenye uwanja wa ndege, watabiri wanakopimia, theluji ya siku ile haikufika inchi mbili, kwa hiyo kwenye vitabu vyao utabiri ulikuwa sahihi. Kanisani tulimsema Rudasingwa hadi akaacha kutuma ujumbe. Mimi nilikuwa wa kwanza kumsema.

Wiki ya tatu tulikwenda Kenmore kumjulia mzee hali. Rudasingwa akaanza kuomba radhi kwa ajili ya utabiri wake.

"Achana na utabiri," Sebineza akasema. "Nilikuita, nikanyamaza ili nisikie. Baba yangu alinifunza ivyo: mwenye kuita-ita hasikiake jibu. Ungeitika, ningejua mulango iko upande gani. Donc, hakukuwa hata mutu moja mwenye alinisikia?"

Rudasingwa akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa na chupa ya chai mkononi. Nikaendelea kumimina.