Gitaa Lenye Alama za Meno

Wewe unayetaka kujua kazi yetu ilivyokuwa, sogeza kigoda ukae upande wangu wa kulia. Upande wa kushoto utajichosha bure. Na usione haya kuuliza swali unalodhani ni la kijinga. Mie nimeyauliza yote kabla yako, na walionijibu walikuwa na hasira kuliko nilivyo.

Nilikuwa msokotaji wa koili, ile mizunguko ya waya wa shaba inayokaa ndani ya mashine. Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya Chang'ombe nimevaa viatu vya harusini, kwa sababu ndivyo pekee vilivyokuwa havijatoboka. Karakana ilikuwa ya shirika la umma. Tulitengeneza mota za pampu za maji na za mashine za kusaga, na kwa kuwa enzi zile shirika lilijiona halijakamilika bila bendi ya muziki, tulitengeneza na vyombo vya bendi. Kwenye meza ya koili tulikaa wanawake. Ilisemwa eti tuna vidole vya subira. Ukweli ni kwamba wanaume waliikimbia meza ile.

Fundi Mkuu, mtu mfupi asiyevua kofia yake iliyoshonwa kwa mkono hata akiwa uvunguni mwa mashine, alinitazama viatu, akaniwekea gitaa la umeme mbele yangu.

"Hii pikapu imekufa," akasema. "Ifufue."

Pikapu ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi. Ndani mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa ndani ya koili, unasafiri hadi kwenye amplifaya, na amplifaya inaukuza. Waya huo ukikatika mahali pamoja tu, gitaa linakuwa ubao. Na miaka ile pikapu mpya haikuingia nchini, kwa hiyo tulifumua waya kwenye transfoma zilizokufa, tukausokota upya kwa mkono, polepole, maana ukivuta kwa nguvu unakatika na ukilegeza unajikunja. Jifunze hilo hata kama hutasokota koili maishani mwako.

Nilipomaliza, tukaipima kwa mita, ikawa hai. Ikabaki kutuni, yaani kukaza kila uzi mpaka utoe sauti yake. Chumba cha pili randa ya umeme ilikuwa inalia kama ng'ombe anayechinjwa, na gitaa la umeme lisilochomekwa lina sauti ndogo kama ya mbu.

"Sasa nitasikiaje, Fundi?"

"Ling'ate."

Nikadhani ananitania kwa ugeni wangu. "Nini?"

"Gitaa. Ling'ate hapo kwenye pembe. Unaogopa nalo litakung'ata?"

Pembe ni ile ncha ya ubao inayojitokeza juu, jirani na shingo. Niliweka meno ya mbele pale, nikapiga uzi mnene. Kwangu kelele za karakana yote zikazimika. Sauti haikutoka nje, ilikuwa tayari ndani ya kichwa, nzito na safi, kana kwamba fuvu langu ndilo lililofungwa nyuzi.

"Sikio ni mlango wa mbele," Fundi Mkuu alisema nilipoinua uso. "Meno ni mlango wa uani. Mgeni akikuta wa mbele umefungwa, atazunguka."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi Chang'ombe, na ndivyo magitaa yetu yalivyojulikana. Kila moja lilikuwa na alama za meno kwenye pembe. Nilipohamishiwa Kinondoni, kwenye ukumbi ambako bendi ilifanya mazoezi na kupiga dansi, neno la kwanza la Kiongozi wa Bendi kwangu lilikuwa hili: "Kumbe ndiye wewe panya unayetafuna magitaa yangu!" Wanamuziki wakacheka, na kuanzia hapo jina langu likawa Mama Koili, au Panya, kutegemea kama wanahitaji kitu.

Cheo changu kilikuwa Mtunza Vyombo. Nilikaa kati ya ukuta na maspika, mkono mmoja juu ya amplifaya, ikipata joto naigeuzia feni. Mahali pale hakuna mtu anayepaswa kukaa. Sauti inapita kifuani kwanza, kisha inarudi kutoka ukutani na kupita tena. Siku za mwanzo nilijitia pamba masikioni. Kiongozi wa Bendi akaiona katikati ya mazoezi ya mchana, akainua mkono, wimbo wote ukakatika.

"Mama Koili, una nini masikioni?"

"Pamba, Kiongozi."

"Kwenu nani anayetiwa pamba masikioni?"

Kila mtu mle ukumbini alikuwa anajua jibu.

"Maiti," akajijibu mwenyewe. "Unatuletea uchuro hapa. Leo umetia wewe, kesho tutie sote, tupige muziki wa makaburini?"

"Mwache, Kiongozi," akasema mpiga besi. "Besi yangu imeshamuua, anangoja kuoshwa tu."

Wakacheka mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Nikaitoa ile pamba, na sikuitia tena. Hakuna aliyenitakia mabaya, nataka ulielewe hilo. Walikuwa wananipenda. Na wote niliokaa nao nyuma ya maspika yale, wale ambao wangali hai, tukikutana msibani tunapigiana kelele usoni kama watu wanaogombana, na vijana hutuomba tupunguze sauti.

Shirika lilipokufa, bendi ikafa nalo. Karakana ya Chang'ombe ikafungwa, na Fundi Mkuu tulimzika kabla mashine hazijamaliza kung'olewa. Mie nikapata kazi kwenye kanisa moja la Mabibo. Usishangae jina langu la Kiislamu kuandikwa kwenye orodha ya watumishi wa kwaya. Gitaa halina dini, na makanisa ndiyo yaliyobaki na magitaa. Mkubwa wangu alikuwa Mwalimu wa Kwaya, kijana mpole wa kutoka bara, aliyenipa shikamoo kila asubuhi hata pale aliponituma. Ndiye aliyenimaliza, na kwa upole.

"Mama, uzi wa kwanza umepanda sauti," aliniambia siku moja kwenye mazoezi.

"Haujapanda."

"Mama yangu, umepanda."

Nikapiga tena, nikasikiliza. Kwangu ulikuwa sawasawa. Akapiga magoti ili mdomo wake uwe karibu na sikio langu la kulia. "Waimbaji wameshaanza kutazama chini," akasema. "Wanakuheshimu, ndiyo maana hawasemi. Nami ningenyamaza kama ningeweza."

Nilivua aproni yangu ya kazi siku ileile, nikaaga. Sikuwahi kuwa mtu wa kungoja kuambiwa mara mbili.

Nikaja kukaa huku Pugu. Sauti za watu bado nilizipata kidogo, kama mtu anayesema ndani ya pipa, lakini noti za muziki zilikuwa zimekwisha. Adhana niliijua kwa kuwaona majirani wakienda kutawadha. Kilichobaki kwangu ni kimoja tu, yale maneno ya Fundi Mkuu. Mlango wa mbele umefungwa. Wa uani je? Meno yangu ya mbele nilikuwa nayo yote. Ila nyumbani sikuweka gitaa, na sikwenda kuliomba popote, kwa makusudi. Mlango usioujaribu unaweza kuwa wazi. Niliishi kwa huo uwezekano kama wengine wanavyoishi kwa pensheni.

Halafu akaja Zuhura, mwanangu wa mwisho, mwalimu wa sekondari, na boksi refu alilolibeba kwenye bodaboda kutoka kwake Mabibo.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Jeneza la nani hilo?"

"Gitaa, mama. La kuunga mwenyewe. Nimeagiza kwa simu, limekuja na vipande vyote."

"Na fundi naye kaja humo ndani?"

"Fundi si wewe?" Akanishika bega, akanisogelea kulia. "Mama, mie nimechoka kukukuta unatazama ukuta."

Nilitaka kulikataa. Lakini vidole viliingia ndani ya boksi kabla yangu.

Nikueleze jinsi seti hizi zilivyo, maana huenda siku moja utanunua. Unapata kiwiliwili cha ubao kilichokwisha kutobolewa, shingo yenye freti zake, yaani vile vyuma vya kukatiza unapokanyagia nyuzi, kisha daraja la chuma linalobeba nyuzi, vikazio vya nyuzi, pikapu, nyaya na skrubu. Kosa la kwanza la watu ni haraka. Ubao huo umekaushwa nchi nyingine. Ufungue, uuache chumbani uzoee hewa yetu, hasa wakati wa masika. Ukipaka vanishi mvua inanyesha, itageuka nyeupe kama maji ya mchele na hutaweza kuirudisha. Sisi tulingoja jua. Zuhura alipiga msasa, mie nikapitisha kiganja nyuma yake kutafuta alipokwaruza.

"Hapo?"

"Rudia."

"Mama, si pako laini?"

"Kwa macho. Rudia."

Alipopaka vanishi nilimwambia aiache pembe ya juu bila kuipaka. Akauliza kwa nini. Nikamwambia patakuwa mahali pa kushikia, nikageuza uso.

Shingo unaitia kwenye pango lake kwa mkono, na skrubu unazianza kwa vidole kabla ya bisibisi, ili ukikosea ujue mapema. Waya wa ethi, ule unaopita chini ya daraja, usiusahau. Ukiusahau gitaa litanguruma na utalaumu amplifaya ya watu. Pikapu zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimesokotwa na mashine, hazina kasoro hata moja. Nilizipima kwa mita, zote mbili hai. Nilikaa nazo kiganjani kwa muda. Kazi ya maisha yangu yote, na ilikuwa imewekwa kwenye mfuko mmoja na skrubu. Zuhura alidhani nimeona kosa. Sikuona kosa lolote. Nikalehemu nyaya.

Tukafunga nyuzi. Zuhura akaweka simu mezani, akanionyesha mshale kwenye kioo. Unapiga uzi, mshale unakwenda kushoto au kulia. Ukisimama katikati, kioo kinakuwa kijani, uzi umekaa. Tukatuni nyuzi zote namna hiyo, mie nikikaza, simu ikinisikilizia. Mwisho kioo kilikuwa kijani kwa kila uzi, na Zuhura akapiga makofi.

"Nichomeke?"

"Ngoja."

Nililichukua mapajani. Nikaweka meno ya mbele kwenye pembe, kwenye ubao mtupu, mahali nilipopaacha. Ubao ulikuwa na ladha ya vumbi la msasa. Nikapiga uzi mnene.

Meno yalitetemeka. Nilihisi ule mtikisiko kwenye taya, kama mtu anavyohisi simu ikiita mfukoni. Nikangoja sauti ije nyuma yake. Nikapiga tena, kwa nguvu. Nikang'ata mpaka fizi zikauma. Nikajaribu uzi wa pili, na wa tatu, na wote ulikuwa mtetemeko uleule, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, hauna jina wala noti. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimekufa. Haikuwa milango. Mgeni alikuwa amezunguka uani, ameingia kama Fundi Mkuu alivyosema, na ndani hamna mtu.

Zuhura alikuwa ananitazama. Nadhani alishaelewa ile pembe niliiacha kwa ajili ya nini. Alilitoa gitaa mikononi mwangu taratibu, akaliweka mapajani mwake, akainama, akaweka meno yake palepale juu ya alama zangu, akapiga uzi.

Macho yakamtoka. Akainua kichwa akanitazama, midomo ikisema kwa upana ili niisome: "Mama! Limo kichwani!"

Nikamwitikia kwa kichwa. Nilijua lilipo. Akainama tena, akapiga uzi baada ya uzi, na mie nikakaa namtazama mtu akiisikia sauti ya kitu nilichokitengeneza, kama unavyomtazama mtu anayekula ukiwa umefunga, na jua la kufuturu halitazama.

Sina la kukufariji nalo. Ningekudanganya kama ningesema kumwona Zuhura akisikia kulinitosha. Hakukunitosha, na hakunitoshi hadi leo. Karakana imekwisha, bendi imekwisha, na ile pamba niliyoitoa ili nisiwaletee wenzangu uchuro nitarudishiwa siku ya kuoshwa, wakati hainifai kwa lolote. Ukikaa karibu na maspika, mwanangu, tia pamba, na atakayekucheka acha acheke. Gitaa liko ukutani kwa Zuhura, huko Mabibo. Naambiwa halitoki kwenye tuni.

Nawe utaunga lako. Utaliunga vizuri, usiogope, kazi yenyewe si ngumu ukienda polepole. Ila ukishafunga nyuzi, usikimbilie kulichomeka kwenye amplifaya. Kaa chini mahali penye kelele, liweke mapajani, weka meno ya mbele kwenye pembe ya juu, piga uzi mnene bila kuukanyaga kwenye freti, na usinyanyue kichwa mpaka sauti iishe yenyewe.