Hodi Kutoka Darini

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, kwa sababu haya yalinifika mimi mwenyewe, alasiri na jua likiwaka, akili zangu timamu na pima maji ya kunyooshea mbao mkononi.

Nyumba yetu iko Mambrui. Mimi, mke wangu Saumu na mama yangu tulikuwa tukilala chumba kimoja. Saumu alichoka, akarudi kwao Ngomeni. "Nitengenezee chumba chetu sisi wawili," aliniambia, "ndipo nirudi." Juu tulikuwa na dari tupu, giza na kinyesi cha popo. Ufundi sikusomea, nimejifunza kwa kutazama simu na kwa kukosea. Tena nakiri, mimi ni mtu wa wasiwasi: ubao mmoja naupima mara sita, nalala, naamka kuupima tena. Nikatoboa dirisha upande wa bahari, nikaweka bati moja linalopitisha mwanga, nikapiga chokaa. Kulipendeza, niamini.

Siku hiyo nilikuwa napigilia mbao za sakafu. Nikasikia, "Hodi."

"Karibu!" nikajibu. Nani huitika hodi kwa kufikiri? Ulimi wenyewe ndio unaojibu. Kisha nikatambua kwamba sauti haikutoka ngazini. Ilitoka nyuma yangu, kwenye pembe ambapo paa linashuka hadi usawa wa kiuno changu. Palikuwa na bibi aliyejitanda leso safi, amesimama wima. Wima kabisa, nakwambia, mahali nilipopima kwa mkono wangu.

"Shikamoo," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote hii nabisha hodi, mamako ananyamaza tu." Akanipita, akashuka. Ngazi haikulia, na ile ngazi hulia hata akipanda paka.

Nikamkimbilia mama uani.

"Umemjibu?" akauliza kabla sijasema neno.

"Nimesema karibu."

"Mjinga we! Mimi nimefumba mdomo tangu nilipoolewa humu!"

Saumu alirudi. Chumba kina mwanga na upepo, kila mgeni hukisifu. Lakini yule bibi yuko chini, amelala kitanda cha mama. Tumesoma Yasini, tumefukiza udi, wapi! Nani atamfukuza mtu aliyekaribishwa? Basi mama amehamia juu kwetu, na jana nilimkuta Saumu akikunja nguo zake na kuzitia begini.

Nawe ukisikia hodi, usiitike kabla hujajua inatoka upande gani wa mlango.