Niliipokea Yaqona Nikiwa na Hedifoni Masikioni

Mzee aliingia studio nikiwa hewani.

Simjui, hanijui. Hakubisha hodi. Taa nyekundu ya mlangoni ilikuwa inawaka, na hata mbwa wa sokoni wanajua maana ya ile taa.

Akavua kandambili. Akaketi chini, akakunja miguu kwenye zulia letu lililotoboka, akaweka mbele yangu fungu la mizizi ya yaqona, ile tunayoitwanga na kuinywa, lililofungwa kwa gazeti.

Mimi nilikuwa na msikilizaji kwenye simu, mama mmoja muuza dalo, magimbi yetu, anawaka kuhusu takataka za soko. Hedifoni masikioni, sauti imejaa. Mzee nilimwona tu akitikisa midomo. Anaongea, anaongea. Kama dakika nzima hivi.

Ningefanyaje? Nimelelewa. Mgeni akija na yaqona, unaipokea. Nikajua ni salamu ya mgeni, ile sevusevu ya kuingilia mlangoni.

Nikaligusa fungu. Nikapiga makofi matatu ya viganja vilivyokunjwa, polepole, ili maiki isinase.

Mzee alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka, akavaa kandambili zake, akaenda.

Ndugu zangu, hapo nilikuwa nimeshajifunga kamba mwenyewe.

Naitwa Raijieli. Nilikuwa nimetoka chuo Suva miezi michache tu, nikapata kazi kwenye redio ndogo ya umma katika mji mmoja wa pwani ya Viti Levu, kisiwa kikubwa cha Fiji. Mji wenyewe sitautaja. Kipindi changu kiliitwa Mji Wetu Asubuhi: mabasi, maji, mikutano ya baraza la mji, msiba uko kwa nani, mbuzi wa nani kapotea.

Nilikipenda kile kipindi. Niliamini, na bado naamini, kwamba mji ukisikia sauti yake wenyewe utajirekebisha. Cheka tu.

Muda wangu wa majaribio ulikuwa umebaki wiki mbili, kisha mkataba.

Nilipoweka wimbo na kuvua hedifoni, Kitione, fundi mitambo wetu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Masikio yake yalikuwa wazi.

"Rai, umekubali kweli?"

"Kukubali nini? Si sevusevu?"

Akaweka kikombe chini. "Sevusevu wapi! Yule kaja kuomba. Na wewe umempigia makofi matatu, pa, pa, pa, kama mkwe."

"Ameomba nini?"

Kitione akanisimulia. Kila asubuhi ya kipindi, kabla ya taarifa ya mabasi, niseme maneno haya: *Daraja la miguu la Nadilo, ubao wa saba kutoka upande wa shule umeoza. Ukifika hapo, ruka.* Niyaseme mpaka daraja litakapotengenezwa.

"Basi tu?"

"Basi tu. Mzee hana makuu."

Mchana nikampigia Mama.

"Ulipokea?" akauliza.

"Mama, nilikuwa na hedifoni, sikusikia kitu."

"Na mikono nayo ilikuwa na hedifoni?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Umepokea, mwanangu. Sema."

Nikasema. Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Mji ukaanza kucheka. Madereva wa teksi wakiniona wanapiga honi: "Dada Ruka! Leo umeruka mara ngapi?" Akina mama wa sokoni wakinirudishia chenji wanasema, "Shika hiyo, halafu ruka."

Nilifurahi. Nikajiona ndiye mji wenyewe unaosema.

Jumatano, nilipomaliza tu kipindi, meneja akaniita. Bwana Satendra ni mtu mpole, mwenye sharubu nyeupe na kalamu tatu mfukoni. Siku hiyo kalamu zote tatu zilikuwa mezani.

"Diwani amepiga simu. Lile daraja limeshatengenezwa, Rai. Limepakwa rangi, utepe umekatwa, mimi mwenyewe nilikula keki pale. Wewe unawaambia watu waruke?"

"Umewahi kulivuka, bosi?"

"Mimi nina gari."

"Basi…"

"Hakuna basi. Jengo hili ni la baraza. Chumba hiki, mlingoti ule juu, hadi choo. Ukiisema tena hiyo sentensi, kipindi si chako na mkataba usiuote. Unanielewa, binti yangu?"

Nilimwelewa. Kibarua kitaota nyasi. Na nyumbani Mama ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe yupo redioni.

"Sawa," nikasema. "Nitamrudishia mzee yaqona yake."

Kitione alikuwa ofisini humo, anafunga waya wa simu ya bosi.

Akatazama dari.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Ile yaqona," Kitione akaanza, "unakumbuka Ijumaa jioni, ulipowahi kuondoka…"

"Mmeinywa?"

"Ilikuwa nzuri sana, Rai. Hata bosi alipiga bilo tano, vifuu vimejaa."

"Sita," akasema Bwana Satendra kwa sauti ndogo, akaanza kurudisha kalamu zake mfukoni moja moja.

Nilirudi studio nikakaa. Kile chumba nilichokipenda kikawa kama boksi la viatu. Nikisema, nimefukuzwa. Nisiposema, nimekula kiapo na kukitema. Na cha kurudisha kilishapita tumboni mwa bosi wangu.

Nikabaki na njia moja: kumwendea mzee anifungue mwenyewe.

Daraja la Nadilo lilikuwa zuri, sitasema uongo. Kijani kibichi, linang'aa. Nikahesabu kutoka upande wa shule. Wa saba nao ulikuwa wa kijani kama wenzake.

Nikauchoma kwa kidole.

Kidole kikazama kama kwenye dalo iliyochemshwa. Chini yake, mbali, mawe na maji ya kahawia.

Shule ikatoka. Watoto wakaja mbio, nikawapisha. Wanahesabu kwa wimbo: "Nne, tano, sita, ruka!" Wote juu kwa pamoja, mikoba inapigapiga migongoni.

Msichana mmoja asiye na meno ya mbele akasimama kunitazama.

"Dada, hapo usikanyage. Redio imesema."

Hakujua ni mimi.

Nikaulizia nyumba ya mzee, nikaonyeshwa. Aliitwa Apakuki, fundi seremala mstaafu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na mkewe, Bibi Torika, yupo jikoni, dirisha wazi. Chini ya ngazi ya nyumba niliona makopo matupu ya rangi.

Kijani kibichi.

Nikamweleza habari ya hedifoni na ya bosi. "Babu," nikasema, "kwa nini hukupiga simu useme mwenyewe? Laini zetu ziko wazi kila asubuhi."

Mzee akatazama mkeka.

"Babu, ule ubao aliupaka rangi nani?"

Akazidi kutazama mkeka. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Usimsumbue," akaita Bibi Torika kutoka jikoni. "Yeye hawezi kukwambia. Mimi sijapokea chochote cha mtu, nitasema."

Akatoka anajifuta mikono kwenye sulu, shuka yake ya kiunoni.

Mkandarasi aliyepewa lile daraja ni mtoto wa dada yake mzee. Na kwetu mtoto wa dada hanyimwi kitu. Alikuja na yaqona, akaketi pale pale nilipoketi mimi, akaomba mawili: mjomba amsaidie kupaka rangi, na mjomba asimwambie mtu kilichoko chini ya rangi.

Mzee alipokea.

"Na yeye hakuwa na vidude masikioni," akasema Bibi Torika. "Alisikia kila neno. Kinywa chake kikafungwa siku ile. Ndiyo akaenda mjini kutafuta kinywa kingine."

"Kwa nini asiubadilishe tu ule ubao usiku mmoja?"

"Abadilishe mmoja, watu waseme kumekwisha? Mbao zote ni hizo hizo, mwanangu. Wa saba umewatangulia wenzake tu."

"Na wewe, bibi? Si ungepiga simu?"

Akanitazama vizuri.

"Nilipiga kwenye kipindi chako mara nne. Nikaambiwa subiri. Bado nasubiri."

Isa, masikini mimi! Hapo nilitamani zulia letu lililotoboka linimeze.

Mzee ndipo akasema, mara ya kwanza. "Binti, nimesikia kwamba hukunisikia. Aliyepokea bila kusikia, anaweza kufunguliwa. Lete mkono."

Akanyoosha wake. Mkono mkubwa, na ukucha mmoja bado una kijani pembeni.

Nilikuja kwa ajili ya mkono ule. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kushukuru.

Nikamkumbuka yule mdogo asiye na meno. Redio imesema.

"Acha tu, babu," nikamwambia. "Sasa nimesikia."

Alhamisi asubuhi, Bwana Satendra alikaa mwenyewe upande wa pili wa kioo. Kidole chake kilikuwa juu ya swichi ya maiki yangu.

Nikasoma habari za maji. Nikasoma msiba. Nikasogelea maiki.

"Daraja la miguu la Nadilo. Ubao wa saba kutoka upande wa shule umeoza. Ukifika hapo, ruka."

Taa nyekundu haikuzimika.

Nikasoma mabasi.

Nilipotoka akanipa bahasha. Hakunitazama usoni.

"Bosi, mbona hukuzima?"

"Bilo sita," akasema. Halafu akashusha pumzi. "Lakini barua ni barua, Rai. Jengo ni lao."

Mama alilia. Kisha akauliza, "Daraja limetengenezwa?"

"Bado."

"Basi hujamaliza."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Nadilo, upande wa shule, bila maiki. Nikasema. Watu wakacheka. Dereva wa teksi akapunguza mwendo: "Dada Ruka, wamekupunguzia masafa!" Bibi Torika akaniletea chai. Mvua iliponyesha nilisema chini ya jani la dalo.

Asubuhi kumi na tatu.

Kitione aliniambia watu walianza kupiga simu redioni kumuuliza mtangazaji mpya mbona hasemi ubao wa saba. Laini zikajaa. Baadaye wakaanza kumpigia diwani.

Siku ya kumi na nne likaja lori la mbao mpya. Mpwa wa mzee alishuka wa kwanza, uso chini, na fungu la yaqona kwapani. Safari hii alikuja kuomba radhi. Mzee Apakuki alipokea. Kisha akachukua nyundo.

Kazi yangu sikurudishiwa. Sasa nauza mboga ya bele sokoni na binamu yangu, na barua za maombi ya kazi naziandikia juu ya kreti.

Funzo langu si kubwa. Mtu akikuletea jambo kwa mikono miwili, vua hedifoni kwanza umsikie. Ukishapokea, umepokea, hata wakikuzimia maiki.

Asubuhi ile ya lori nayo nilisema, kwa sababu ubao wa saba ulikuwa haujang'olewa bado.

Mzee Apakuki alikuwa anavuka na nyundo yake. Alinisikia.

Akahesabu sita, akaruka.