Sikio la Clavery

Edvina Kahangwa hana makuu. Ni fundi wa redio na simu mjini Bukoba, na kwa miaka saba kazi yake imekuwa kufufua vitu ambavyo wenyewe wamekwisha kuvikatia tamaa. Lakini msimu huu alikasirika kweli, na aliyemkasirisha ni Clavery, mpokeaji kahawa wa chama kimoja kule Kagoma, Muleba.

Kahawa yetu huanikwa na maganda yake. Ikikauka, punje hugonga ganda, ndiyo maana mtu huchota kiganja kimoja, akakitikisa karibu na sikio na kusikiliza. Kila aliyekulia kibanjani, kwenye migomba na mibuni, anajua. Ila sikio la Clavery lilikuwa na tabia zake. Kahawa ya shemeji zake ililia vizuri siku zote, na ya Gaudiosa, mjane, mama mdogo wa Edvina, ilikuwa bubu. Mara tatu alirudishwa nyumbani, gunia kichwani, eti mbichi. Kama huo si uonevu, sijui uonevu ni nini.

Edvina akatengeneza kisanduku: kopo la kutikisia, maikrofoni, na chipu ndogo ya kupima mlio. Akakipeleka Kagoma. Kilijibu sawasawa, tatizo kilijibu baada ya sekunde arobaini. Foleni ikaguna. Clavery akacheka mbele ya watu wote.

"Dada, mpaka hicho kiseme, kahawa itakuwa imeota."

Mwenyekiti wa chama, Rutashobya, akampa Edvina wiki moja. Kikichelewa tena, sikio la Clavery lingeendelea na kazi.

Edvina alirudi Bukoba amevimba kwa hasira, akatafuta kosa lilikuwa wapi. Programu yake ilibeba namba elfu moja za mlio, moja moja, kama mtu anayeanua kahawa uwanjani punje kwa punje. Kumbe ipo maktaba ya hesabu inayoshika safu nzima ya namba kwa mkupuo, kikapu kizima. Lakini haikubali kunakiliwa tu ndani ya chipu. Lazima programu mama yenyewe, ile inayoendesha chipu, ijengwe upya, maktaba ikiwa ndani yake. Akajenga, ikakataa: nafasi haitoshi. Akaondoa sehemu ya intaneti, akaondoa na ya muziki, akajenga tena. Siku ya nne asubuhi alitikisa kopo, na jibu likatoka kabla hajashusha mkono. Alikaa chini akacheka peke yake.

Wiki ilipoisha akarudi Kagoma, Gaudiosa nyuma yake na gunia lile lile. Kopo likatikiswa mbele ya Mwenyekiti. Pale pale kioo cha kisanduku kikaandika: kavu.

Clavery akatikisa kichwa. "Kimejibu haraka mno, Mwenyekiti. Hakijasikiliza hicho."

Hebu fikiria. Wiki iliyopita kosa lilikuwa kuchelewa, leo kosa ni kuwahi. Edvina alihisi damu ikimpanda, na siku hiyo hakutaka kuimeza hasira yake.

"Waitu Mwenyekiti, sawa," alisema, kwa heshima ya Kihaya. "Basi asikilize yeye. Lakini ageukie ukuta, asijue kahawa ni ya nani."

Rutashobya alifikiri kidogo, akakubali. Clavery akageuka. Mwenyekiti akachota kiganja kwenye gunia alilochagua mwenyewe, akakiweka mkononi mwa Clavery kwa nyuma.

Clavery akatikisa sikioni. Akatikisa tena. Shingo ikaanza kugeuka kutafuta uso wa mwenye kahawa, Mwenyekiti akamwambia atazame ukuta. Edvina alitoa simu akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, na foleni ikamfuata, hata shemeji za Clavery. Walipofika arobaini, Clavery alikuwa bado hajasema neno.

Gaudiosa hakungoja zaidi. Alilinyanyua gunia lake mwenyewe, akaliweka kwenye mizani.