Mteja Bora wa Mwezi

Kila alipofika kwenye namba ya simu ya kadi ya pointi, Shangazi, keshia wa dukani, alifunga mdomo. Alichana kipande cha karatasi ya risiti, akakisogeza kwa mteja pamoja na kalamu, akangoja. Mteja akishaandika, Shangazi aliingiza namba kwenye mashine, kisha akamrudishia karatasi yake. Hata nyumbani, ukimwomba namba ya fundi bomba, alikuandikia.

Duka zima lilimwita Shangazi, ingawa keshia wa kaunta ya nne ndiye aliyekuwa mtoto wa kaka yake hasa. Huyo, wiki yake ya kwanza kazini, aliuliza kwa sauti, "Dada, namba yako?" Dada akaitaja, foleni yote ikasikia. Hadi jioni, mwanamume aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshampigia mara saba. Kesho yake dada yule alikuja akasimulia hayo, akairudisha kadi yake ya pointi. Tangu hapo mpwa naye akawa anachana karatasi.

Kisha makao makuu wakabadili mashine: bila namba ya simu, risiti haitoki.

"Hata kwa anayenunua kiberiti?" Shangazi aliuliza.

"Hata kiberiti," meneja alijibu. "Na atakayeniharibia mpango huu, mwisho wa mwezi mkataba wake siusaini."

Wateja wengine waligoma. "Nimefuata sabuni," mama mmoja alifoka. "Namba ya nini, mnaniposa?"

Shangazi alicheka, akabonyeza kitu, risiti ikatoka. Mpwa hakujua alibonyeza nini.

Mwisho wa mwezi meneja alisimama mlangoni na kapu la zawadi, tai imemkaba. Mteja bora alikuwa amenunua mara mia sita na kumi na moja! Meneja akampigia hapo hapo, watu wakisikiliza. Simu ikaita ofisini kwake mwenyewe. Akakata, ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita tena.

"Bosi," mlinzi alisema, "si ungepokea hiyo kwanza?"

Meneja aliitazama namba ile. Ilikuwa ya duka, ile ile iliyo juu ya kila risiti.

"Nani?"

"Mimi," Shangazi alisema. "Wasiotaka kutoa yao, niliwapa yetu."

"Unajua mkataba wako uko mezani kwangu?"

"Najua."

Mkataba wa mpwa ulikuwa pale pale, chini ya ule wa shangazi yake. Hata hivyo aliinuka, akamsimulia meneja habari ya yule dada na simu saba, akakiri kwamba sauti iliyouliza namba ilikuwa yake. Yule mama wa sabuni akadakia kutoka kwenye foleni: "Mfukuzeni Shangazi muone kama nitarudi hapa."

Meneja aliweka kapu chini. Aliisaini mikataba yote miwili siku ile, kisha akawaandikia makao makuu. Baada ya wiki tano mashine zililetewa kitufe kipya: Ruka.

Shangazi alifanya kazi miaka miwili zaidi, ndipo akahamia mbali, kwa binti yake. Siku ya kuondoka alipitia kaunta ya nne na kitana na sabuni moja.

"Mteja," mpwa alimtania kwa sauti, machozi yakimlengalenga, "namba yako ya simu?"

Shangazi alichukua mfuko wake.

"Bonyeza Ruka, mwanangu. Nikikukumbuka, nitakupigia mimi."