Tabibu Aliyeachwa Kivukoni

Mke wangu alipofariki, binti yetu hakulia mbele ya watu, wala mimi sikulia. Tulimzika kwetu milimani, tukarudi Voi, na kila mmoja akashika kazi yake: yeye katika duka la dawa mjini, mimi darasani, ninakofundisha historia. Nyumba yetu ya Kaloleni ikawa na utaratibu mzuri kuliko wakati mwingine wowote. Sahani zilioshwa mara tu baada ya chakula. Redio haikuwashwa. Binti aliingia, akasalimu, akala, akalala, na aliyemuuliza habari alijibiwa kwa neno moja la heshima. Niliiona hali hiyo na kuielewa, lakini sikuhisi kitu. Siandiki hivyo ili nihurumiwe. Moyo wa mtu hufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na mwenye mguu hana budi kuutembelea hivyo hivyo.

Miezi ilipita kabla hajaniomba jambo lolote. Tulikuwa tumetoka kanisani, yeye akiwa bado amesimama karibu na mlango, viatu mkononi.

"Baba, tunataka kuanza tena mchezo wetu," alisema. "Ile programu tuliyokuwa tukitumia imefungwa na wenyewe. Wewe husoma kila kitu mpaka mwisho. Tuchagulie nyingine."

Mchezo aliousema huchezwa mezani. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Yeye hueleza mahali walipo na mambo yanayowakuta. Waliobaki, kila mmoja ana mhusika wake, ambaye humsemea na kumwamulia, na panapokuwa na shaka kama jambo litafaulu, hurushwa kete. Mhusika huyo sharti aundwe kabla ya safari: jina lake, asili yake, nguvu na udhaifu wake, ujuzi alionao na vitu anavyobeba. Kazi hiyo ina hesabu nyingi za kuoanisha, ndiyo maana watu huifanya kwa programu ya tarakilishi.

Msimulizi wao ni kijana wa familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani, anayeuza vifaa vya ujenzi katika duka la babake. Mchezaji wa pili ni rafiki wa binti tangu chuoni, karani wa ghala la mizigo kule Maungu. Wa tatu ni binti mwenyewe. Wa nne alikuwa mke wangu.

Alikuwa muuguzi. Mwanzoni alikaa nao barazani akitoka zamu ili ajue binti anaketi na watu wa namna gani. Baada ya muda nikamkuta na kete mkononi. Mhusika wake alikuwa tabibu anayesafiri. Nilimwambia kwamba mtu wa umri wake hakustahili kujifanya mtu mwingine, akanijibu kwamba umri wake ndio uliompa haki ya kukaa chini. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mtu mzima anayejifanya mwingine sharti awe na sababu njema. Sikumuuliza sababu yake. Niliingia ndani kusoma.

Sasa ombi la binti lilikuwa mbele yangu, na nilijua uzito wake. Lilikuwa jambo pekee alilolitaka tangu mazishi. Nikilifanya vibaya, huenda asiniombe lingine, na ile meza ya mchezo ikawa imekunjwa moja kwa moja.

Shule zilikuwa zimefungwa. Alasiri nilikaa barazani na tarakilishi, nikazijaribu programu tatu kwa umakini ule ule ninaosahihishia mitihani.

Ya kwanza ilikuwa ya mtandaoni, yenye picha za kupendeza. Ilimuuliza mtu maswali machache, kisha ikamtolea mhusika mzima: amezaliwa wapi, nani alimsaliti, anamlilia nani. Niliiondoa bila kusita. Mtu aliyepewa huzuni kwa kubonyeza kitufe hajaipata kwa namna yoyote itakayomfunza. Isitoshe, umeme ukipotea Kaloleni mtandao nao hupotea, na wahusika wote wangekuwa wamefungiwa mahali tusipopajua.

Ya pili ilikuwa ukurasa mtupu wenye visanduku. Ndani ya kisanduku uliweza kuandika lolote upendalo. Haikujumlisha wala haikukataza, na haikujua tofauti kati ya jibu na upuuzi. Niliiona kama mwalimu anayewaachia wanafunzi chumba na kwenda zake.

Ya tatu ilikaa ndani ya tarakilishi yenyewe, bila haja ya mtandao. Ilikuwa na sura kavu. Haikukuruhusu kuendelea mbele kabla ya kujibu ulichoulizwa. Mtu akijipa nguvu asizostahili, iliandika kwa rangi nyekundu kwamba hesabu yake haikubaliki. Niliipenda mara moja. Maisha yangu yote nimesimama upande wa kanuni, kwa kuwa nimewaona wanaoziruka wanakoishia, na mara nyingi nimewaona wanaowalipia.

Binti alinipa karatasi za wahusika wao wa zamani, nikaanza kuwahamisha. Wa karani wa Maungu aliingia mara nilipompunguzia pointi zilizozidi. Wa binti aliingia bila tatizo. Nilipofika kwa tabibu, programu ilikataa kumhifadhi kwa sababu hakuwa na mchezaji. Ilitoa njia mbili tu: akabidhiwe mtu mwingine, au aandikwe kuwa amekufa. Nilichagua ya pili. Hapo programu ikauliza vitu vyake viende kwa nani.

Kwetu milimani, siku za matanga zikishakwisha, nguo za marehemu hutolewa nje, jamaa wakakaa, zikagawiwa. Kila kitu kina mtu wake: kanga kwa dada wa marehemu, sweta kwa shemeji, viatu kwa yule vitakayemwenea. Anayepokea huvaa, na kitu hicho hakirudi tena kilikotoka. Nilikuwa nimesimama katika mgao wa nguo za mke wangu, na ulikwenda sawasawa, hakuna aliyenung'unika. Kwa hiyo nilijua la kufanya. Mhusika wa karani, aliyekuwa mkubwa kwa umri, nilimpa kamba na mbuzi wa kubebea mizigo. Wa binti nilimpa joho na mfuko wa dawa. Nikahifadhi kazi, nikafunga tarakilishi, nikaenda kumenya viazi.

Jumamosi walikuja mchana. Kijana wa duka alileta mahamri yaliyopikwa kwao, akanisalimu kwa adabu yake ya siku zote, akavuta kiti mbele ya kioo cha tarakilishi.

"Mwalimu, kazi safi!" alisema. "Hata zile pointi nilizompendelea karani, imezikataa."

"Ilipaswa kuzikataa."

"Ulinipendelea lini wewe?" karani akamrukia. "Mtu uliyenitumbukiza shimoni mara mbili!" Kisha akainamia kioo na kucheka. "Lakini huyu mbuzi ametoka wapi? Tangu lini mimi nafuga?"

Binti hakucheka. Alisogea, akasoma ukurasa wa karani, akafungua wake, akausoma polepole.

"Baba, tabibu yuko wapi?"

"Nimemwandika miongoni mwa waliofariki," nilimjibu. "Vitu vyake nimevigawa kwa utaratibu."

"Lakini hakufa."

Nilimgeukia.

"Mara ya mwisho tulimwacha kivukoni," aliendelea. "Alikuwa akimfunga mvushaji kidonda. Tulisema tutamalizia Jumamosi ifuatayo. Hakufa, Baba. Nani alikwambia amekufa?"

"Programu haikuwa na nafasi nyingine."

Kijana wa duka alipiga paja lake. "Wallahi Mwalimu, umegawa mirathi kabla ya kifo! Kwetu hata kwa kadhi, mtu akipotea mali yake haiguswi mpaka ijulikane yu hai au la. Wewe umemzika mama wa watu naye amesimama kando ya mto!"

Alikusudia mzaha. Maneno yalipokwisha kutoka, akayasikia mwenyewe, akainamisha uso. "Nisamehe, Mwalimu. Ulimi umeniponyoka."

"Umesema kweli," nilimwambia. "Kweli haiombewi msamaha."

Binti alikuwa amekwisha kuinuka. Aliingia ndani, na mlango wa chumba chake ukafungwa bila kishindo. Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulishtuka. Haukushtuka. Nilichojua, kama mtu anavyojua majira kwa kutazama saa, ni kwamba nilikuwa nimeombwa jambo moja na nimeliharibu.

Karani alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi mbuzi huyu simtaki. Mrudishie mwenyewe."

"Kilichogawiwa hakirudishwi," nilisema. "Ndiyo desturi."

"Hiyo ni desturi ya msiba, Mwalimu. Hapa mezani hakuna msiba."

Alisema kwa upole, na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechukua utaratibu wa nyumba moja nikauhamishia nyingine, kwa kuwa ndio pekee niliokuwa nao mkononi. Nilijaribu kuirudisha hali ya awali. Programu haikukubali. Aliyeandikwa kuwa amekufa alikuwa amekufa. Kama tulimtaka, ilisema, tumwunde upya tangu mwanzo, bila lolote alilojifunza njiani. Niliutazama ujumbe huo kwa muda mrefu. Niliichagua programu ile kwa sababu haikuvumilia uongo, nami nikalazimishwa nayo kuandika uongo. Kanuni isiyoacha nafasi kwa jambo ambalo bado halijulikani si adabu. Ni haraka ya mtu anayetaka kufunga ofisi. Mimi ni mtu wa kanuni na ninalisema hilo bila kuziacha.

Nikaifuta. Nikaenda kusimama nje ya mlango wa binti.

"Nimeiondoa," nilisema. "Nilichagua vibaya. Nimerudi kwa ile ya visanduku vitupu, ambamo mtu huandika atakalo. Karatasi ya tabibu ina namba na orodha ya vitu tu. Mimi simjui. Itabidi unitajie."

Barazani nilimsikia kijana wa duka akimnong'oneza karani asile hamri la mwisho. Kisha mlango ukafunguka, binti akapita mbele yangu, akaketi. Nami nikaketi kwenye tarakilishi, vidole tayari.

"Silaha?" niliuliza.

"Hana."

"Hata kisu?"

"Kisu cha kukatia bandeji. Hicho si silaha."

Nikaandika. "Anaogopa nini?"

"Watu wakinong'ona karibu na mgonjwa."

"Aliwahi kumfukuza mfalme kwa sababu hiyo," karani akaongeza. "Mfalme mzima! Akamwambia, toka nje, utarudi saa za kuona wagonjwa."

"Na mimi nilikuwa nimemwandalia mfalme hotuba ndefu," kijana wa duka akasema kwa uchungu wa kweli. "Haikusomwa mpaka leo."

"Jamaa zake?" niliuliza.

Binti ndiye aliyejibu. "Ana mume."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anasoma." Alikuwa akiutazama ukuta nyuma yangu. "Kila tulipopiga kambi alisema, leo nitamwandikia barua. Halafu alisema, ngoja kwanza niitengeneze, atanisahihisha."

"Kila kambi!" kijana wa duka alisema. "Tukawa tunamsubiri amalize ndipo tulale."

Niliandika kwamba ana mume. Nikaweka nukta. Nilingoja kuona kama kutakuwa na kitu, maumivu au aibu, na hakikuja, au kilikuja kwa mbali kama lori usiloliona linalopita barabara kuu. Kisanduku kilichofuata kiliuliza hali yake. Nikaandika: yuko kivukoni. Programu haikupinga.

"Sasa atasemewa na nani?" kijana wa duka aliuliza. Alinisogezea kiti cha nne. "Mwalimu, karibu."

"Siwezi. Sijui angesema nini."

"Mimi pia sijui," binti alisema. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaendelea, na sikumbuki tangu mazishi kama aliwahi kuunganisha maneno mengi hivyo: "Basi asisemewe. Yule mvushaji hajapona, na yeye hawezi kumwacha mgonjwa. Atabaki. Sisi tutavuka, na tukirudi tutampitia hapo hapo. Na kama hatutarudi, hiyo ni shauri yetu, si yake."

Kijana wa duka alinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayetoa hukumu. Sikutoa. Alitikisa kichwa kukubali, akachukua kete.

"Na mbuzi?" karani aliuliza.

"Mbuzi ni wake. Anabaki."

"Abaki vipi, na ndiye aliyebeba chakula chetu chote?"

"Teremsha chakula, ubebe wewe."

"Nibebe mimi? Na wewe utabeba nini, joho?"

"Joho nimelirudisha! Muulize Baba!"

"Mto umejaa, jamani," kijana wa duka akasema kwa sauti ya msimulizi. "Mkiendelea kugombana, utajaa zaidi. Nani anatangulia?"

"Mimi," alisema binti. Alimnyang'anya kete, akazitikisa ndani ya viganja, na akawa anabishana na wote wawili kwa pamoja, kuhusu kina cha maji, kuhusu kamba, kuhusu kama mtu aliyebeba gunia la unga anaruhusiwa kuogelea. Sauti yake ilifika barabarani. Mpita njia aligeuka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono kifuani, nikisikiliza hoja zake. Nyingine zilikuwa dhaifu, lakini sikumsahihisha. Alizirusha kete, zikabingirika hadi ukingo wa meza, naye akainama, akakunja uso, kisha akainua kichwa.

"Baba, umenikinga mwanga. Sioni."

Nikasogea.